Harufu ya Bangi na Ahadi Zinazouzwa Nayo



Katika maduka ya Denver, Los Angeles na Toronto, ambako sheria inaruhusu watu wazima kununua bangi hadharani, maua ya mmea huo hupangwa kwenye chupa, na kila chupa ina jina lake. Chini ya jina mara nyingi huandikwa neno moja kati ya haya mawili: sativa au indica. Muuzaji atakwambia sativa ni ya mchana, inachangamsha, inaleta mawazo na hamu ya kazi. Indica ni ya usiku, inalegeza viungo na kuleta usingizi. Miaka ya karibuni imeongezwa orodha ya terpeni, yaani kemikali zinazoupa mmea harufu, pamoja na asilimia zake na ahadi ya kila moja: hii ya furaha, hii ya utulivu, hii ya kumbukumbu.

Maelezo hayo yamevuka bahari na kuingia kwenye simu za vijana wetu. Kijana wa Kinondoni au Kisumu, ambaye msokoto wake umetoka kwenye kete asiyojua imelimwa wapi, atakwambia bila kusita: "Hii ni sativa, inachangamsha tu, haikupi wenge." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wenu. Ndani yake kuna kemia ya kweli, na juu ya kemia hiyo kumejengwa ahadi ambazo sayansi haijazithibitisha, na nyingine imezipinga waziwazi. Mtu anayeamini kwamba neno "sativa" linamkinga atavuta zaidi, na atavuta bila hadhari.

Nimechagua mfano mmoja ili tusipotee: Durban Poison. Hii ni bangi ya kusini mwa Afrika iliyopewa jina la bandari ya Durban, na ukoo wake ni mimea iliyotunzwa kwa vizazi na wakulima wadogo wa KwaZulu-Natal na maeneo jirani, ambako huitwa dagga au insangu. Katika miaka ya 1970 mbegu zake zilifika kwa wakulima wa Marekani, akiwemo mwandishi wa vitabu vya kilimo cha bangi anayejulikana kwa jina la Mel Frank. Huko zikachaguliwa na kuzalishwa upya, na baadaye zikafika Uholanzi na kwingineko. Leo inauzwa kama sativa safi kabisa, na sifa inayotangazwa ni moja: inaamsha. Mmea wenyewe kwa asili ni wa Asia, lakini upande wetu wa bara ulifika zamani. Viko vya karne ya 14 hivi vilivyochimbuliwa Ethiopia vilikutwa na mabaki ya bangi.

Tuutazame mmea kwa karibu. Ukiweka ua la bangi la kike chini ya lenzi kali, utaona limejaa vinyweleo vinavyong'aa, kila kimoja na shina jembamba na kichwa cha mviringo juu, mfano wa uyoga mdogo sana. Ndani ya kichwa kile seli zimejipanga duara, na juu yake kuna kifuko cha utomvu unaonata. Humo ndimo zinamotengenezwa terpeni, na humo humo ndimo inamotengenezwa asidi ambayo ikipata moto hugeuka kuwa THC, kemikali inayolevya. Kifuko kikipasuka kwa kuguswa, harufu inatoka. Kwa mmea huo ni silaha: terpeni hufukuza baadhi ya wadudu na kuzuia baadhi ya kuvu, na utomvu wenyewe hunasa wadudu wadogo miguu.

Lililonivutia mimi tangu nilipoanza kuisoma kemia hii ni kwamba harufu na ulevi vina mzazi mmoja. Seli za kinyweleo hutengeneza molekuli ndogo yenye kaboni 10, geranili pairofosfeti. Kimeng'enya kimoja kikiikamata, huigeuza kuwa pineni, harufu ya msonobari. Kingine huigeuza kuwa limoneni, harufu ya ganda la chungwa. Kingine huifanya mirseni, kingine terpinoleni. Na kimeng'enya kingine tena huiunganisha na asidi ya aina nyingine, na safari hiyo ndiyo inayoishia kwenye THC. Kwa hiyo mkulima anapochagua mbegu kwa pua yake, kuna kitu halisi anachokichagua. Anachagua vimeng'enya.

Durban Poison, katika vipimo vingi vya maabara, inaongozwa na terpinoleni. Hii ina harufu tamu, yenye ubichi wa majani na maua kidogo, na hupatikana pia kwa kiasi kidogo katika kungumanga. Bangi nyingi hazina terpinoleni ya kutosha hata kuitaja, kwa hiyo chache zinazoongozwa nayo hutambulika mara moja. Kwa kuwa nyingi kati ya hizo huuzwa kwa jina la sativa, wafanyabiashara wakafanya hesabu rahisi: terpinoleni ndiyo inayochangamsha.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Japani, Ito na Ito, walichapisha matokeo ya kuwavutisha panya mvuke wa terpinoleni. Panya hawakuchangamka. Walipoa. Walipunguza kutembeatembea, na watafiti wakaiita athari hiyo ya kutuliza. Panya si mtu, na sitaki mtoke hapa mkisema terpinoleni ni dawa ya usingizi. Lakini terpeni iliyofanywa kuwa nembo ya sativa ya kuamsha, ilipopimwa peke yake, ilielekea upande wa pili kabisa wa yale yanayoandikwa kwenye chupa.

Ni vizuri tujue maneno haya mawili yalianzaje. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliupa mmea jina Cannabis sativa, na mmea aliokuwa nao ni katani ya Ulaya, ya kamba, nguo na matanga, isiyolevya kwa kiasi cha kuhesabika. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck akaona mimea iliyoletwa kutoka India, ya kimo tofauti na yenye kulevya, akaiita Cannabis indica. Kwa mpango wao, bangi yoyote inayopanda kichwani, Durban ikiwemo, ingesogea upande wa indica. Miaka ya 1970 wataalamu walianza kulitumia jina indica kwa mimea mifupi yenye majani mapana ya Afghanistan, wakulima wakalifuata, na mimea mirefu ya majani membamba kutoka tropiki ikabaki kuitwa sativa. Maneno yakawa yanaelezea umbo. Kutoka umbo yakahamishiwa kwenye ulevi, na hatua hiyo ya mwisho haikupitia maabara yoyote.

Maabara zilipokuja kuangalia, zilikuta nini? Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walilinganisha vinasaba vya aina nyingi za bangi. Bangi ya Jamaika iitwayo Lambs Bread, inayosifiwa kuwa sativa kwa asilimia 100, ilikaribiana mno na aina ya Afghanistan inayosifiwa kuwa indica kwa asilimia 100, kiasi kwamba ungezidhani ni mmea mmoja. Mwaka 2022 kundi jingine lilichambua vipimo vya sampuli karibu 90,000 zilizouzwa katika majimbo sita ya Marekani. Kwa terpeni, bangi zile ziligawanyika katika mafungu makubwa matatu: la kariofileni na limoneni, la mirseni na pineni, na la terpinoleni na mirseni. Mafungu hayo hayakufuata maneno ya sativa na indica. Ndani ya kila fungu mlikuwa na chupa za majina yote mawili.

Kwa haki niongeze kwamba uchunguzi uliochapishwa 2021, wa sampuli karibu 300, ulikuta maneno hayo yana uhusiano fulani na terpeni chache. Zilizoitwa indica zilielekea kuwa na mirseni zaidi, na zilizoitwa sativa zilielekea kuwa na farneseni na bergamoteni zaidi, ambazo harufu yake ni nyepesi na tamu. Kwa hiyo inaelekea wakulima wamekuwa wakitumia pua kugawa majina. Ikinukia nzito kama udongo wanaiita indica. Ikinukia tamu wanaiita sativa. Hilo ni ugawaji wa manukato.

Sasa tuje kwenye ulevi wenyewe. THC ilitengwa na kuelezwa muundo wake mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni huko Israeli, wakitumia hashishi iliyokamatwa na polisi. Mechoulam aliibeba kwenye basi la abiria, na wenzake wa safari wakawa wanauliza harufu ile inatoka wapi. Mwaka 1990 kikatambuliwa kwa kina kipokezi cha THC kwenye ubongo, CB1. Kipo kwa wingi katika sehemu zinazohifadhi kumbukumbu mpya, zinazoongoza mwendo na uwiano wa mwili, na zinazoshughulika na hofu. Ndiyo maana mtu akivuta husahau alichoanza kusema, saa moja ikamwonekea kama tatu, moyo ukaenda mbio, akacheka, au akaingiwa na woga asioweza kuueleza. Athari hizo zote zinawezekana kwa Durban Poison na kwa bangi yoyote yenye THC. Ipi itakuja inategemea kiasi, namna ya kuitumia, uzoefu wa mtumiaji, hali yake ya moyoni siku hiyo, na alichoambiwa atarajie. Mwambie mtu hii ni ya kuchangamsha, umpe mchana, katikati ya marafiki na muziki, na nusu ya kazi umeshaifanya kabla kiberiti hakijawashwa.

Angalieni na viwango. Gramu moja ya maua yenye THC asilimia 20 ina miligramu 200 za THC. Gramu hiyo hiyo, ikiwa na terpeni asilimia 2, ina miligramu 20 za terpeni zote kwa pamoja, zimegawanywa kwa aina kumi au zaidi, na sehemu yake huteketea kwa moto. Nyingine zilishapeperuka wakati wa kukausha na kuhifadhi, maana terpeni nyepesi haziivumilii hewa. Bangi iliyokaa miezi kwenye gunia si ile iliyovunwa, hata kama mbegu ni moja.

Chukueni mirseni, inayosemekana kuleta ule uzito wa kubaki umeganda kwenye kochi. Kweli kuna majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba mirseni hulegeza misuli na kurefusha usingizi wa dawa ya kulaza. Lakini panya wale walidungwa miligramu 100 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60, kwa kipimo cha chini, ni gramu 6 za mirseni. Hata tukitumia kanuni ya kugeuza dozi ya panya kuwa ya binadamu, inayogawanya kwa karibu 12, tunabaki na nusu gramu. Kwenye maua yenye mirseni asilimia 1, hiyo ni gramu 50 za bangi kwa mkupuo. Kabla hujaifikia mirseni hiyo, THC iliyomo itakuwa imekulaza chini zamani. Na yale maneno ya kula embe kwanza ili stimu ipande, kwa sababu embe lina mirseni, hayajathibitishwa na jaribio lolote la watu. Embe dodo lina kiasi kidogo sana cha mirseni. Leni maembe kwa utamu wake.

Kuna terpeni moja inayostahili heshima ya pekee. Ni kariofileni, iliyomo kwenye pilipili manga na kwenye mafuta ya karafuu, karafuu hizo hizo zinazoanikwa kwenye majamvi Pemba. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kwamba kariofileni hushikamana na kipokezi cha CB2, ndugu wa CB1 anayekaa zaidi kwenye seli za kinga ya mwili. CB2 haileti ulevi, kwa hiyo msitarajie pilau kuwapandisha stimu. Lakini inahusika na uvimbe na maumivu, na hapo kuna utafiti wa kweli unaoendelea ambao vijana wa famasia mlioko hapa mngeweza kuuingia, maana malighafi iko mlangoni petu na haina kesi mahakamani.

Vipi kuhusu nadharia kwamba terpeni na THC zikiwa pamoja hufanya kazi ambayo THC peke yake haiwezi? Ilipata nguvu baada ya makala ya Ethan Russo ya mwaka 2011, na ni nadharia ya heshima, iliyoandikwa kama jambo la kupimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Australia waliipima kwenye seli: terpeni kadhaa za kawaida hazikubadilisha namna THC inavyofanya kazi kwenye CB1 wala CB2. Wengine baadaye, kwa panya na kwa dozi kubwa, wamepata matokeo ya upande mwingine. Mjadala haujaisha.

Jaribio la watu ninaloliona bora ni lile la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, lililochapishwa 2024. Watu wazima 20 walivuta mvuke uliopimwa kwa usahihi: siku nyingine THC peke yake, siku nyingine limoneni peke yake, siku nyingine zote mbili, na siku nyingine mvuke usio na kitu, bila wao kujua wamepewa kipi. Limoneni peke yake haikutofautiana na mvuke mtupu. Lakini miligramu 15 za limoneni zilipochanganywa na miligramu 30 za THC, wasiwasi na ile hali ya kuhisi watu wanakufuatilia vilipungua. Kumbukumbu iliendelea kuathirika, moyo ukaendelea kwenda mbio. Nililifurahia jaribio hili, kwa sababu hatimaye mtu alipima badala ya kusimulia. Ila tazameni uwiano: limoneni moja kwa THC mbili. Kwenye maua ya kawaida, penye THC 20 mara nyingi hakuna hata limoneni 1. Matokeo haya yanaweza kuzaa dawa siku moja. Hayahalalishi maandishi yaliyoko kwenye chupa.

Hata ile harufu kali inayojulikana mtaa mzima, inayomfanya jirani afunge dirisha, si ya terpeni. Mwaka 2021 wanakemia wa California walionyesha inatokana na misombo ya salfa iliyomo kwa viwango vidogo mno. Mmoja wao ni ule ule unaoiharibu bia iliyoachwa juani. Anayevuta hewa na kusema "hii ni kali" anasema habari ya salfa. THC yenyewe haina harufu ya kumwambia chochote.

Wazazi, hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku bangi yenye THC asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata saikosisi, kuliko wasiovuta kabisa. Saikosisi ni ile hali ya kusikia sauti zisizokuwepo na kushika imani ambayo hakuna anayeweza kuiondoa. Uhusiano huo si ushahidi kwamba kila mvutaji ataugua, wengi hawaugui. Lakini kipimo kilichotenganisha watu kilikuwa nguvu ya THC na idadi ya siku. Hakuna aliyeokolewa na neno sativa. Ubongo wa kijana wa miaka 15 bado unajengwa, na ukoo wenye historia ya skizofrenia una sababu ya ziada ya kukaa mbali. Nimewaona vijana wa namna hiyo wakiletwa na mama zao, na mama anachouliza kwanza ni kama ilikuwa bangi mbaya. Anataka aambiwe kulikuwa na aina nzuri ambayo mwanawe alipaswa kuipata.

Kisheria mnajua tulipo. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, Kenya ina ya mwaka 1994, na chini ya zote mbili bangi ni kosa. Afrika Kusini, kwao Durban Poison, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia na kuilima faraghani. Uamuzi huo ulihusu faragha ya raia. Usalama wa mmea haukuwa swali lililoamuliwa.

Nimalizie na swali nililoandikiwa kwenye karatasi kabla ya kupanda hapa, kwa sababu linagusa yote niliyosema: je, ni kweli kwamba aliyezidiwa na bangi akitafuna punje za pilipili manga hupata nafuu? Ushauri huo umeenea, na wanaoutoa hutaja kariofileni. Hakuna jaribio la watu lililoonyesha kwamba unafanya kazi. Punje mbili tatu hazimdhuru aliye macho na anayemeza vizuri, na ule ukali ulimini huenda ukamshughulisha kidogo, lakini msizitegemee. Mtoeni kwenye kelele, mkalisheni penye hewa, mpeni maji kidogo kidogo, na akae naye mtu mmoja anayemwamini amwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hali hii itapita. Kama alivuta, makali hupungua ndani ya saa chache. Kama alikula kwenye keki au biskuti, yanaweza kuchelewa hadi saa mbili kuanza na kudumu mpaka usiku, kwa hiyo asiongeze kwa kudhani haijafanya kazi. Asiendeshe bodaboda wala gari. Akilalamika maumivu ya kifua, akizimia, akipata degedege, akisikia sauti, akitaka kujidhuru, au kama aliyekula ni mtoto mdogo, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mmwambie daktari ukweli wa alichotumia, kiasi gani na saa ngapi.